Picha ya Pili ya Mjomba Gabrieli

Mikumi,
3 Machi 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Abeli na wote wa hapo nyumbani. Sisi huku tupo. Goodhope ameingia darasa la sita na anasema hesabu za mwaka huu zimemshinda. Nimemwambia babu yake amefundisha hesabu miaka thelathini na mbili, kwa hiyo kushindwa hana ruhusa. Nickson, baba yake, bado anaendesha watalii hifadhini. Wiki iliyopita tembo walitoka wakamaliza migomba ya jirani yetu, ya kwetu wakaiacha, na sasa jirani ananitazama kama vile ni mimi niliyewaelekeza.

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Juzi nimekupigia mara nne. Mara ya kwanza ulinijibu kwamba mahindi hamuuzi. Mara ya pili ulisema namba siyo. Masikio yako yakiwa hivyo, heri karatasi.

Mjomba, majibu ya picha yako yamekuja. Wameyatuma kwangu kwa sababu jina langu ndilo uliloandika kwenye fomu. Picha haisomeki. Daktari anasema ile sukari yenye mionzi waliyokuchoma, badala ya kwenda inakotakiwa, imekimbilia kwenye misuli: mapaja, vigimbi, mgongo, mabega. Ni misuli tu, usiwe na wasiwasi. Ila inabidi kurudia.

Sasa naomba uniambie bila kuzunguka: siku ya kabla ya kipimo ulifanya nini? Maelekezo nilikuandikia kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa. USITEMBEE MWENDO MREFU. USINYANYUE KITU. USIKU USILE, ASUBUHI USILE, UNYWE MAJI TU. Ulisema umeelewa. Ukaweka na saini, kama vile ni risiti.

Nadhani hujaelewa uzito wake. Umechomwa dripu miezi sita kwa ajili ya saratani ya tezi, zile zilizokuvimba shingoni. Picha hii ndiyo inayosema kama ugonjwa umeisha upumzike, au kama umebaki uanze dawa nyingine mapema. Bila picha, daktari anapapasa gizani, na kama umebaki, wenyewe haungoji tupange tarehe.

Nangoja jibu.

Mpwa wako mwenye hasira na heshima zake,
Generoza


Kilosa,
19 Machi 2025

Mpwa wangu Generoza,

Marahaba. Tunaendelea, Mungu ni mwema. Goti la Mama Abeli limeanza maneno yake ya masika. Anakusalimu na anauliza kwa nini Goodhope hajaletwa tangu Krismasi. Barua yako imekaa ofisi ya kanisa siku tisa kwa sababu njia ya kupanda huku imekuwa utelezi na bodaboda hazifiki. Nimeipokea Jumapili. Umeandika kwa hasira mpaka herufi zimelala. Mimi nilikufundisha herufi zinazosimama.

Unaniuliza nilifanya nini. Nilifanya nilichoambiwa. Ni wewe uliyeniingiza kwenye utafiti ule wa mazoezi, ule wa watu waliomaliza dripu na sukari yao ikapanda. Ni wewe uliyesema, Mjomba, kutembea ni dawa, kunashusha sukari na kunarudisha nguvu. Samson wa utafiti akanifunga saa ya kuhesabu hatua na kuniambia nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Mimi natembea saa mbili, siku saba. Nilipomuuliza nimekuwa wa ngapi, akasema utafiti wao hauna wa kwanza wala wa mwisho. Sijaelewa watu wanawezaje kupima kitu halafu wasitoe nafasi.

Basi siku ya safari nilikuwa nimetimiza siku sitini bila kukosa hata moja. Bodaboda hakuna. Nikashuka kwa miguu hadi stesheni ya Kilosa, mwendo wa saa tatu na nusu, nikiwa na begi na maharage ya kumpelekea binamu yako Cleopa huko Dar. Saa ilisoma hatua elfu ishirini na moja. Nilipanda treni nikiwa na furaha kuliko nilivyowahi kuwa tangu niugue. Halafu wewe unaniandikia kama mtoto aliyeiba chaki. Watu walewale wanaoniambia tembea ndio wanaoniambia usitembee. Wakae kwanza wakubaliane.

Kula, sikula.

Nina swali moja. Hayo maneno, kwamba ni misuli tu, ni ya daktari au ni ya kwako? Nilipokuwa navaa shati mlango ulikuwa wazi nikakiona kioo cha kompyuta yao. Nilijiona. Nilikuwa nimewaka kuanzia shingoni hadi miguuni. Yule kijana alipogundua natazama, aliufunga mlango.

Nijibu hilo.

Mjomba wako,
Mwl. Gabrieli


Mikumi,
27 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na mvua, na goti la Mama Abeli pole zake. Goodhope atakuja likizo ya mwezi wa sita. Huku tuna lori lililopinduka na mafuta ya kula juzi, nusu ya mji inanukia maandazi, na zahanati tunashona waliogombania madumu.

Maharage. Saa tatu na nusu za mteremko, na maharage mgongoni. Nimesoma sentensi hiyo mara mbili, nikatoka nje, nikarudi.

Nisikilize basi. Saratani inapenda sukari, inaila kwa pupa. Ndiyo maana wanakuchoma sukari yenye mionzi kisha wanatazama inawaka wapi. Lakini mguu ulioshuka mlima jana nao una njaa ya sukari, unajaza ghala lake. Ukitembea sana leo, kesho mguu wako na saratani vinakula sahani moja, na picha haiwezi kuvitenganisha. Mazoezi ni mazuri siku zote, isipokuwa siku mbili za kabla ya picha. Hakuna aliyepingana na mwenzake. Ni siku mbili tu, Mjomba.

Maneno ni ya daktari. Amini.

Nimeomba tarehe nyingine na nimeipata kwa kubembeleza: Alhamisi tarehe 24 Aprili. Bonifas wa bodaboda nimeshaongea naye, atakufuata Jumanne asubuhi hata kama ni kusukuma pikipiki. Utalala Kilosa kwa mchungaji, Jumatano treni. Saa ya Samson uivue. Nimemwambia, ameruhusu, na siku zako hazitafutwa.

Mpwa wako,
Generoza


Kilosa,
22 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Pasaka tumeila salama. Kwaya imeimba vibaya, ila kwa moyo.

Nakujulisha kwamba tarehe 24 sitakwenda. Goti la Mama Abeli limevimba, nyani wameingia kwenye mahindi, na Bonifas pikipiki yake inavuja oili. Isitoshe najisikia vizuri. Mtu anayejisikia vizuri hana haja ya kumsumbua daktari aliyejaza wagonjwa.

Najua unatamani kuniandikia kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na heshima imekuzuia. Nimekuandikia mimi ili usihangaike.

Salimia wote.

Mjomba wako,
Mwl. Gabrieli


Mikumi,
30 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako ina tarehe ya Jumanne ya tarehe 22. Kondakta wa basi anayetubebea barua anasema aliikuta ofisi ya kanisa Ijumaa tarehe 25. Umeiandika mapema ukaishusha kwa kuchelewa, ili nikiipata nafasi iwe imepita. Mwalimu mzima. Hospitali walinipigia Alhamisi saa nne kuuliza mgonjwa wangu yuko wapi, nikasema yupo njiani. Nimewadanganya watu kwa ajili yako.

Bonifas ananiambia pikipiki yake haivuji kitu chochote. Alifika mlangoni kwako Jumanne saa moja asubuhi, ukamwambia umeitwa shuleni kusimamia mtihani. Umestaafu miaka minane iliyopita.

Na kwa kuwa tunasema ukweli, nimeongea na Cleopa. Ananiambia kwa fahari kwamba mara ile ya kwanza mke wake alikuamshia uji wa ulezi, vikombe viwili, na sukari yake, kwa sababu mjomba hawezi kutoka nyumba ya watu tumbo tupu. Na ukaunywa. Muuguzi akakuuliza umetia chochote mdomoni, ukamwambia hapana. Walipokutoboa kidole sukari ilisoma tisa, iko juu, wakadhani ni ile yako ya siku zote. Kwa hiyo haikuwa miguu peke yake, uji nao ulisaidia kuipeleka sukari kwenye misuli. Ungesema kweli wangekupa tarehe nyingine wiki ileile na leo tungekuwa tumemaliza.

Najua nyumba za kwetu. Najua kumkatalia mwenye nyumba uji wake ni kama kumtukana. Lakini, Mjomba, mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umekificha hata kikombe.

Unaogopa nini? Uliza nikujibu. Lakini usinitumie nyani.

Generoza


Mikumi,
2 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Wiki ya tano hii sina barua.

Samson amenipigia. Anasema saa yako ilikuwa inaandika hatua elfu kumi na mbili kwa siku, na tangu Pasaka inaandika elfu mbili, siku nyingine mia nane. Alipofika Kilosa kuwapima, hukushuka. Ameniuliza kama unaumwa, nami nakuuliza wewe.

Nimempigia Mama Abeli. Amesema upo ndani, unakula, huongei. Kisha akakata simu kabla sijauliza lingine, na yeye si mtu wa kukata simu.

Mjomba, hata ukinitukana, niandikie.

Generoza


Kilosa,
11 Juni 2025

Mpwa wangu Generoza,

Marahaba. Mama Abeli ni mzima. Mahindi yamekauka, wiki ijayo tunaanza kuvuna. Abeli ameandika kutoka Msowero kwamba atakuja kusaidia, tukimwona tutaamini.

Umeniuliza ninaogopa nini. Nimeianza barua hii mara nne. Leo naimalizia.

Mwezi wa pili mwaka 1999 mama yako alikuwa na kikohozi kisichoisha na maumivu ya ubavu. Nilimpeleka hospitali, wakampiga picha ya kifua. Daktari hakumwita yeye. Aliniita mimi, kwa sababu kwetu mjomba ndiye mwenye watu, dada zake na watoto wao, na hata daktari alikuwa amelijua hilo. Akaishika picha dirishani. Akanionyesha doa, akasema huu ni uvimbe, umekwisha kukomaa, hapa hatuna la kufanya na Dar nao hawatakuwa nalo. Akaniuliza, utamwambia wewe au nimwambie mimi? Nikasema nitamwambia.

Monica alikuwa benchi la nje na kikapu chake. Nikamwambia, dada, picha ni safi. Ni misuli tu, imechoka kwa kubeba ndoo, usiwe na wasiwasi.

Alimshukuru Mungu palepale, watu wanamwona. Wiki iliyofuata akaanza kulima kipande kipya kule bondeni, akisema mwaka huu atakulipia shule kwa jasho lake. Wazee niliowaeleza walinisifu. Walisema nimebeba mzigo kiume, mgonjwa haambiwi asije akakata tamaa. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya siku zote, na sikuona kosa. Wewe ulikuwa bweni kidato cha kwanza. Nilikuandikia kwamba mama anaendelea vizuri. Alikufa mwezi wa sita, mahindi yake hayajavunwa, hajamwambia mtu lolote kwa sababu hakujua kwamba muda unaisha. Hukumuaga. Ulikuja msibani na barua yangu mfukoni.

Sasa wewe ni muuguzi. Majibu yangu yanafika kwako kwanza. Nami nimeiona picha kwa macho yangu, nimewaka mwili mzima. Halafu naipokea barua yako: ni misuli tu, usiwe na wasiwasi. Hayo ni maneno yangu, Generoza. Nilipoyasoma nilijua kwamba ninakufa na kwamba umechukua zamu yangu ya kubeba mzigo. Kwenda kupigwa picha ya pili niliona ni kwenda kukupa kazi ya kutunga uongo wa pili.

Sikulaumu kama ndivyo. Nani atamlaumu mtoto kwa kufanya alivyofundishwa? Lakini sitaki kutoka kwenda shamba jipya.

Kuhusu uji, ni kweli niliunywa, na nilimdanganya muuguzi. Mke wa Cleopa alikuwa amesimama mbele yangu na kikombe. Ningefanyaje?

Mjomba wako,
Gabrieli


Mikumi,
15 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima, na habari za nyumbani leo utanisamehe, siandiki.

Habari ya benchi nje ya hospitali sikuijua. Kwamba ulinidanganya nililijua tangu siku ya msiba, kwa sababu barua ilikuwa na tarehe ya siku nne kabla, na watu walisema mama hakuwa ameinuka wiki mbili. Nilikuchukia, Mjomba. Niliishi kwako, nikala kwako, nikasoma kwa taa yako, na nilikuwa nakuchukia mpaka nilipofika kama miaka ishirini na mitano. Uuguzi nimeusomea kwa hasira hiyo. Nilijiapiza kwamba mgonjwa wangu hatafichwa na mtu, na ndugu wengi wameshanigombeza pale zahanati kwa ajili ya hilo.

Ndiyo maana ninaona aibu kuandika kinachofuata.

Ripoti ya picha ya kwanza ilikuwa na sentensi nne. Nakunakilia zote kwa Kiswahili, sijaongeza wala kupunguza:

"Picha ina ubora hafifu kwa sababu sukari ya kipimo imeingia kwa wingi kwenye misuli, hasa ya miguu, mgongo na mabega. Muonekano huu unaendana na mazoezi au chakula kabla ya kipimo. Tezi moja katika kwapa la kushoto imewaka kwa namna ambayo haielezwi na misuli peke yake. Kipimo kirudiwe baada ya maandalizi sahihi."

Sentensi ya tatu sikukuandikia. Nilijiambia kwamba huenda si kitu, kwamba nikiitaja hutalala, kwamba picha ya pili itaeleza yenyewe. Ulipouliza kama maneno ni ya daktari nikasema amini. Misuli ilikuwa ya daktari, kweli. Ule usiwe na wasiwasi ulikuwa wangu, na ulikuwa uongo, na umekulaza ndani wiki saba. Nimekasirika na nafsi yangu kuliko nilivyokukasirikia wewe na maharage yako.

Mwili kuwaka wote ni miguu na uji, hilo uniamini, au usiniamini, karatasi yenyewe nimeiambatanisha, mpe mchungaji akusomee Kiingereza chake. Kuhusu kwapa, hakuna anayejua mpaka picha ya pili.

Tarehe ni 10 Julai. Majibu yakija nitakuandikia sentensi zote. Sitachagua.

Generoza


Kilosa,
14 Julai 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Mahindi yapo ndani, magunia kumi na moja. Abeli alikuja kweli, tukamwona, tukaamini.

Nimekwenda na nimerudi. Mchungaji aliisoma karatasi, nikamwomba asome sentensi ya tatu mara mbili.

Kabla ya safari nilikaa kwenye kiti siku mbili. Kwa mtu aliyezoea kutembea, ile ni adhabu. Kuku aliingia jikoni, nikamtazama tu. Bonifas alinishusha hadi stesheni, begi kalibeba yeye. Kwa Cleopa nilimwita mke wake tangu jioni, nikamwambia mbele ya mume wake kwamba kesho sitapokea kitu mkononi mwake isipokuwa maji. Alinuna. Asubuhi alileta uji hivyohivyo, akauweka mezani. Nikakaa nao tukitazamana mpaka ukapoa. Sijawahi kumkosea adabu mtu kiasi kile, na nimemwandikia barua ya kuomba radhi.

Muuguzi aliniuliza, nikasema kweli. Nikamweleza na ya mara ile. Akayaandika yote.

Kioo cha kompyuta safari hii sikukitazama. Nitasoma kwako.

Gabrieli


Mikumi,
21 Julai 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Goodhope amerudi kutoka kwenu amenenepa na ana adabu mpya ambayo haitafika Ijumaa. Nickson anasalimu.

Majibu yamekuja leo saa tano. Nimeyasoma nikiwa zahanati, nikamwomba mwenzangu ashike zamu.

Picha ni nzuri, inasomeka yote. Misuli imetulia. Shingo ni safi, zile tezi za mwanzo zimeisha. Kifua na tumbo ni safi. Tezi ya kwapa la kushoto bado inawaka, na inawaka zaidi kuliko mara ya kwanza, na jirani yake ndogo imeanza. Daktari ameandika kwamba anashuku ugonjwa umebaki hapo.

Nimempigia. Anasema watakata kinyama kidogo wakipime, ndipo wachague dawa. Nikamuuliza kama inatibika. Akasema ndiyo, ila si kwa uhakika ule wa mwanzo, na dawa za awamu ya pili ni kali zaidi. Nikamuuliza kama miezi hii iliyopotea imeharibu. Akasema huenda, hawezi kujua. Akasema pia mwili wako una nguvu kuliko wa wengi wa umri wako kwa sababu ya kutembea, na hilo litakusaidia kuzivumilia dawa. Anakutaka Jumatatu tarehe 28.

Hakuna nililobakiza. Nilitaka kubakiza ile ya miezi iliyopotea, kwa ajili yako na kwa ajili yangu. Nimekaa na kalamu nusu saa. Nimekasirikia karatasi, nimekasirikia daktari aliyejibu kila nilichomuuliza. Mjomba, ninaogopa sana.

Mpwa wako,
Generoza


Kilosa,
25 Julai 2025

Mwanangu Generoza,

Marahaba. Tupo. Barua yako sikuisubiri ofisi ya kanisa, nilishuka na Bonifas kumngoja kondakta barabarani, naye hakupenda kuulizwa mbele ya abiria.

Nimeisoma mara moja. Zile za mwanzo nilikuwa nazisoma mara tano tano, nikitafuta mahali uliponificha. Katika hii sikutafuta kitu. Nilikaa palepale kwenye jiwe la barabarani, nikaogopa, nikalia kidogo. Bonifas akajifanya anakagua tairi. Kisha nikajisikia mtu mzima aliyeambiwa mambo yake.

Tarehe 28 nitakuwepo. Jumapili nalala kwa Cleopa. Njoo na wewe kama zahanati itakuruhusu, unishikie maswali, maana nikiwa kwa daktari masikio yanazidi kuziba. Shamba la bondeni nimempa Abeli kwa maneno, mbele ya mchungaji. Mke wa Cleopa amenijibu, amesamehe, lakini kwa mistari miwili tu.

Jana jioni nilimwita Mama Abeli, nikampa barua yako aisome mwenyewe. Alisoma polepole akifuata kwa kidole. Alipomaliza akaikunja, akauliza ni nguo zipi anifulie za safari. Hakuniuliza kama ni kweli nitapona. Mama yako aliniuliza, siku ile kwenye benchi, kama ni kweli ni misuli. Aliniuliza mara tatu.

Mjomba wako,
Gabrieli